Natafuta Mnyonyaji

Nilipouliza Birere, "Nani anauza mnyonyaji?"
vijana waliegemea chukudu zao wakacheka.
"Mama, wanyonyaji! Ingia ofisi yoyote,
beba wawili, ni bure."
Nikaeleza: wa samaki. Wa kulamba mwani.
Wakazidi kucheka, ila mmoja akanielekeza kwa kidevu
kibanda kilicho nyuma ya wauza betri,
kwa Kambale.

Naam, jina lake Kambale, na kambale ndio biashara yake.
Mzaha huo ameuchoka tangu shule ya msingi,
kwa hiyo sikuufanya.

Nyumbani, Keshero, nina sanduku la kioo
lililokuwa kabati la duka la dawa.
Mna samaki saba wa ziwani;
Masika aliwavua kwa kipande cha chandarua.
Dume la buluu tunamwita Komanda:
kila jiwe ni lake, kila apitaye hutozwa.
Na mawe ni ya moto ule.
Niliyabeba kwa karai
kutoka mahali palipokuwa mlango wetu.
Yalikuwa meusi. Sasa yamevaa kijani,
yanateleza kama sabuni iliyosahauliwa majini,
na kioo nacho kimefunga,
nawatazama samaki wangu kama kupitia blanketi.

Kambale akafunua beseni la kwanza.
Kambale wa matope, sharubu nane, kinywa kama mfuko.
"Huyu anakula kila kitu."
Ndiyo kasoro yake, nikasema.
Leo kidole, mwezi wa sita mkono mzima,
na Komanda atatawala tumboni mwake.

La pili: ngogo wa Tanganyika,
amepanda gari Uvira ndani ya kidumu cha mafuta.
Madoa mwili mzima, miiba mitatu.
"Mwani haujui, sikudanganyi.
Lakini samaki wako akitaga,
huyu anapenya, anadondosha mayai yake katikati.
Mama anaokota yote, anayatia kinywani,
analea na yasiyo yake."

Nilimwangalia ngogo muda mrefu.
Kwangu tunalala tisa. Niliowazaa ni watatu.
"Hilo kwetu si ujanja," nikasema.
"Subiri, mama. Wa ngogo huanguliwa mapema,
wakawala wale wengine
humohumo kinywani."

"Funika."

La tatu halikuwa beseni, ilikuwa ndoo ya mayonezi.
Chini kabisa, rangi ya udongo wa tofali,
kitu kimebandika tumbo kama stempu.
Magamba ya bati. Puani ndevu zenye matawi,
babu aliyekatazwa kinyozi.
Kinywa kiko chini, duara, hakina neno kwa mtu.
"Huyu Komanda atamgonga,
atagonga mpaka kichwa kimuume yeye.
Mpe pango, mpe kipande cha mti agugunegugune,
na Jumapili kijisehemu cha tango."
Dola kumi na mbili.
Tukakubaliana tisa, na mfuko juu yake.

Siku nne hakuonekana.
Masika akasema tumenunua jiwe.

Usiku wa tano umeme ulikatika, kama kawaida yake.
Nikawasha tochi ya simu, natafuta mshumaa,
nikamkuta kwenye kioo, uso kwa uso nami,
kinywa kikifunguka na kufumba,
kinafunguka, kinafumba,
na nyuma yake njia safi, upana wa kidole gumba,
imepinda kama barabara ya Sake.
Komanda amelala. Hajui kwamba anafutiwa nchi.

Wiki mbili, kioo kikang'aa.
Kisha akahamia mawe.
Akaanza na lile kubwa, la kizingitini,
na asubuhi nililiona jinsi lilivyo: jeusi,
vitundu vyake vyote wazi,
kama siku niliyolichukua likiwa bado na joto.

Sikujua kwamba nilikuwa nimelizoea la kijani.

Nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko,
Komanda akanichoma kidole,
nikatoa jiwe moja, dogo, ambalo hajaligusa.
Liko dirishani, ndani ya gilasi ya maji, juani.
Masika ananiuliza ni la nini.
Namwambia ni chakula cha akiba,
cha yule mwenye ndevu.